Ella Fitzgerald Hakuwa na Deni la Machozi

Wapenzi wa jazi wana bishano moja lisilokwisha kuhusu waimbaji wawili weusi wa Marekani: Billie au Ella? Anayemchagua Billie Holiday huhesabiwa kuwa mtu wa kina. Anayemchagua Ella Fitzgerald huonekana mtu wa starehe tu, anayetaka sauti tamu na hataki kusumbuliwa. Nina rafiki ambaye kila tukifika kwenye mada hii hunikumbusha kwamba Billie aliimba kwa jeraha na Ella aliimba kwa koo. Mimi ni mtu wa Ella, na nimechoka kuomba radhi kwa hilo. Leo nitamtetea, ingawa mwenyewe alikuwa mtu wa haya kiasi kwamba nadhani angeniambia niache tu.

Shutuma dhidi yake ni ya siku nyingi. Sauti haina kasoro, wanasema, hatamki neno likapotea, hakosi noti, lakini moyo uko wapi? Anaimba mapenzi yaliyovunjika kama mtoto anayeruka kamba. Wanaosema hivyo hawadanganyi kuhusu wanachosikia. Ninachokipinga ni hesabu wanayoipiga baadaye: kwamba asiyeyaweka maumivu yake hadharani hana maumivu, na kwamba furaha ni kitu chepesi kinachomjia mtu bila jasho.

Tuanzie Berlin, kwa sababu hapo jasho linasikika.

Usiku wa tarehe 13 Februari 1960, ukumbi wa Deutschlandhalle umejaa. Nyuma ya Ella wako watu wanne tu: Paul Smith kwenye piano, Jim Hall kwenye gitaa, Wilfred Middlebrooks kwenye besi na Gus Johnson kwenye dramu. Anatangaza "Mack the Knife", wimbo wa Kurt Weill na Bertolt Brecht uliozaliwa katika jiji hilohilo mwaka 1928, na ambao kule Marekani Louis Armstrong na Bobby Darin walikuwa wameshaufanya upigwe kila mahali. Kabla ya kuanza anasema anatumaini atayakumbuka maneno yote.

Hakuyakumbuka. Beti za mwanzo zinakwenda vizuri, halafu katikati ya safari maneno yanamponyoka. Wengi wangerudia ubeti uliopita au wangewaachia wapiga ala wafunike aibu. Ella anaimba kwamba amesahau. Anaimba kwamba Darin na Armstrong waliurekodi wimbo huu na sasa yeye na wenzake wanauharibu. Kisha anaikwaruza sauti yake mpaka inakuwa ya Armstrong mwenyewe, na umati unalipuka. Yote haya yanatokea ndani ya mapigo, bila kuchelewa hata nusu pigo, na maneno anayoyatunga papo hapo yanakaa mahali ambapo maneno halisi yangekaa. Rekodi ya usiku ule ilitolewa kama ilivyo, na mwaka uliofuata ikampatia tuzo mbili za Grammy, moja kwa wimbo huo na moja kwa albamu nzima.

Watu huisimulia habari hii kama kichekesho. Mimi husikia kitu kingine: mwanamke wa miaka 42 ambaye ardhi imetoweka chini ya miguu yake mbele ya maelfu ya watu, na anajua la kufanya kwa sababu si mara ya kwanza.

Katika onyesho hilohilo kuna "How High the Moon", na kama una dakika saba za ziada maishani, zitumie hapo. Anaanza kwa maneno ya kawaida, halafu anayaacha na kuingia kwenye kile wanajazi wanachokiita skati: kuimba kwa silabi tupu, zisizo na maana ya kamusi, kama vile koo limegeuka tarumbeta. Asiyezoea hudhani ni kubwabwaja. Jaribu basi. Chini ya mwimbaji piano na besi zinazunguka mfululizo uleule wa sauti, mzunguko baada ya mzunguko, na kila zinapohama yeye anatakiwa ahame nazo, kwa wimbo mpya ambao haujawahi kuimbwa, kwa mwendo wa kasi kupita kiasi. Akichagua noti isiyokubaliana na mahali piano ilipo, kila mtu atasikia. Mpiga saksafoni ana vitufe vya kumwonyesha noti iko wapi. Mwimbaji hana cha kubonyeza. Anapaswa kuisikia noti kichwani kabla haijatoka.

Na Ella hakuridhika na hilo peke yake. Anapachika humo vipande vya nyimbo za watu wengine, kimoja baada ya kingine, vilivyokatwa vikakaa sawasawa kwenye nafasi. Kimo kipande cha "Ornithology" cha mpiga saksafoni Charlie Parker, na huo ni mzaha wa ndani, maana Parker aliijenga "Ornithology" juu ya mfululizo wa sauti wa "How High the Moon" wenyewe. Karibu na mwisho anaugusa wimbo wa zamani unaozungumzia moshi machoni, na badala ya moshi anaimba jasho. Jasho linamwingia machoni kwelikweli. Ndiyo maana nikasema linasikika.

Ufundi huu aliuchukua kwa wapiga ala. Mwaka 1946 alizunguka na bendi ya mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, wakati vijana wa bibop walipokuwa wakiivunja jazi na kuiunda upya, huku waimbaji wengi wakiuogopa mtindo huo. Ella alikuwa akisimama pembeni akiwasikiliza, na baadaye alieleza kwamba alichokuwa akijaribu ni kufanya kwa sauti kile alichosikia tarumbeta na saksafoni zikifanya. Kabla ya hapo, mwaka 1945, alikuwa tayari amerekodi "Flying Home" karibu yote kwa silabi tupu. Mwaka 1947 zikafuata "Oh, Lady Be Good!" na "How High the Moon" yenyewe. Tangu siku hizo wapiga ala walimhesabu kuwa mwenzao, heshima ambayo waimbaji wa bendi, hasa wanawake, hawakuwa wakipewa. Wengi waliwekwa mbele ya bendi kupendeza macho.

Ella hakuwekwa mbele kwa ajili ya kupendeza macho, na hilo lilikaribia kumnyima kila kitu.

Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1917 huko Newport News, jimbo la Virginia. Baba aliondoka mapema. Mama yake, Tempie, alihamia Yonkers, kaskazini kidogo ya jiji la New York, pamoja na mwanamume mhamiaji kutoka Ureno, na huko akazaliwa mdogo wake Ella, Frances. Mtoto Ella alitaka kuwa mchezaji dansi. Kuimba aliiga kwenye santuri ambayo mama yake alileta nyumbani, ya Connee Boswell, msichana mweupe wa New Orleans ambaye kwa ulemavu aliimba akiwa ameketi, na ambaye aliucheza mdundo kwa sauti yake kuliko wengi waliokuwa wakisimama. Mwaka 1932 mama alifariki ghafla. Ella alichukuliwa na shangazi Harlem, akaacha shule, akawa anapeleka karatasi za kamari ya namba na kukaa nje ya danguro kuwatonya waliomo ndani polisi wakitokea. Serikali ikamkamata. Hapo pana pengo katika habari zake, na kwa sasa nitalipita kama alivyolipita yeye.

Anaonekana tena tarehe 21 Novemba 1934, kwenye usiku wa chipukizi katika ukumbi wa Apollo, Harlem. Ana miaka 17, hana makazi, nguo zimechakaa na miguuni amevaa viatu vya kiume. Alikuja kucheza dansi. Bahati mbaya, waliomtangulia jukwaani walikuwa Edwards Sisters, ambao kwa dansi hawakuwa na mpinzani mtaani. Akaona kucheza baada yao ni kujitakia kuzomewa. Akiwa tayari yuko mbele ya watu, na watu wa Apollo walikuwa maarufu kwa kutokuwa na huruma, akaamua kuimba. Aliimba "Judy", kwa namna ya Connee Boswell. Walipotaka zaidi akawapa "The Object of My Affection". Akashinda dola 25.

Ushindi ule ulipaswa kumpa pia wiki nzima ya kuimba Apollo. Hakupewa, na inaelezwa sababu ni jinsi alivyoonekana. Kwa hiyo sauti ilipita na mwili ukakataliwa. Jambo hili lilimfuata miaka mingi. Magazeti yaliuandika unene wake kama vile ni sehemu ya repertua.

Chick Webb naye alisita kwa sababu hiyohiyo. Huyu alikuwa mpiga dramu kutoka Baltimore, mfupi mno, uti wa mgongo umepindishwa na kifua kikuu, na bendi yake ndiyo iliyotawala Savoy Ballroom kwenye Lenox Avenue, ukumbi ambako weusi na weupe walicheza kwenye sakafu moja wakati ambapo sehemu nyingi za nchi jambo hilo lilikuwa kosa. Mtu ungetegemea Webb, kwa mwili aliokuwa nao, asimhukumu mwenziwe kwa mwili. Alipoletewa binti huyu mwanzoni alimkataa. Walimshawishi amjaribu kwenye dansi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Wanafunzi wakampenda, na Webb akakubali yaishe. Magazeti baadaye yaliandika kwamba alimchukua kisheria kuwa binti yake. Si kweli, ni hadithi ya matangazo, ila inaendelea kunakiliwa kila mwaka na watu ambao hawana nia mbaya.

Savoy ilikuwa na desturi ya kushindanisha bendi mbili usiku mmoja. Mei 1937 Webb alimkaribisha Benny Goodman, mfalme wa swing wa magazeti, akamtoa jasho mpaka mpiga dramu wa Goodman, Gene Krupa, akainua mikono. Lakini usiku ambao ningelipa chochote kuwapo ni wa tarehe 16 Januari 1938: upande mmoja Chick Webb na Ella, upande wa pili bendi ya Count Basie na Billie Holiday. Ella ana miaka 20, Billie 22. Wasifu wote wa bishano letu uko pale, kwenye ukumbi mmoja, na mpaka leo hakuna makubaliano nani alishinda.

Miezi michache baadaye, tarehe 2 Mei, Ella alirekodi kwa kampuni ya santuri ya Decca wimbo alioutengeneza pamoja na mpangaji Van Alexander kutokana na mchezo wa watoto: msichana amepoteza kikapu chake cha manjano. "A-Tisket, A-Tasket" ukawa namba moja nchini na kuuza nakala milioni. Bendi nzima ya wanaume wazima inamuuliza kama kikapu kilikuwa chekundu, kijani au buluu, naye anakana. Hapa ndipo sifa ya utoto ilipomganda. Nakubali wimbo wenyewe ni mwepesi. Lakini sikiliza jinsi anavyochelewa kidogo nyuma ya dramu halafu akazifikia, kila sentensi, bila kuonekana anafanya kazi. Mtoto hafanyi hivyo.

Webb hakuishi kuyafaidi. Alifariki Juni 1939 akiwa na miaka 34, na kwenye mazishi kule Baltimore Ella aliimba "My Buddy". Bendi ikapewa jina la Ella, na msichana wa miaka 22 akajikuta kiongozi wa wanaume waliomzidi umri na uzoefu. Aliiongoza mpaka ilipovunjika mwaka 1942. Ndoa ya kwanza, na mtu ambaye uchunguzi ulionyesha alikuwa na historia ya uhalifu, ilibatilishwa upesi. Ya pili, na mpiga besi mahiri Ray Brown, ilidumu kuanzia 1947 mpaka 1953. Walimlea mtoto wa Frances kama wa kwao, wakampa jina la Ray Brown Jr. Waliendelea kupiga muziki pamoja baada ya talaka, jambo ambalo wanandoa wachache wanaliweza. Zaidi ya hapo maisha yake ya nyumbani hayana mengi kwa sababu nyumbani hakuwapo. Alikuwa safarini zaidi ya wiki 40 kwa mwaka.

Aliyezipanga safari hizo, na kuubadilisha mwelekeo wake, ni Norman Granz. Granz alikuwa mtu mkali, mgomvi, mwenye akili ya biashara na chuki ya kweli dhidi ya ubaguzi wa rangi. Kwenye mikataba ya maonyesho yake ya Jazz at the Philharmonic aliweka sharti: hakuna kutenganisha viti vya weusi na weupe, la sivyo hapigi mtu. Ella alijiunga na maonyesho hayo mwaka 1949, na miaka michache baadaye Granz akawa meneja wake. Ili kumtoa Decca alitumia ujanja ninaoupenda sana. Decca walitaka kutoa muziki wa filamu ya maisha ya Benny Goodman, na baadhi ya wanamuziki waliomo walikuwa na mkataba na Granz. Akawaambia: chukueni hao, nipeni Ella. Mwaka 1956 akaanzisha lebo ya Verve, na albamu ya kwanza ikawa ya Ella akiimba nyimbo za Cole Porter.

Huo ulikuwa mwanzo wa mfululizo wa albamu zilizoitwa vitabu vya nyimbo, kila kimoja cha mtunzi mmoja au wawili: Porter, Rodgers na Hart, Duke Ellington, Irving Berlin, ndugu wawili Gershwin, Harold Arlen, Jerome Kern, na Johnny Mercer mwaka 1964. Nane kwa jumla. Kitabu cha Gershwin peke yake kina nyimbo 53, zilizopangwa na Nelson Riddle. Nyimbo nyingi za mfululizo huu zilikuwa zimetungwa kwa ajili ya michezo ya jukwaani ya Broadway, na michezo ikishafungwa nyimbo zilibaki zikizagaa. Ella alizikusanya, pamoja na zile beti za utangulizi ambazo kila mtu alikuwa akiziruka, na akaziimba kwa unyoofu kiasi kwamba Ira Gershwin, aliyeandika maneno ya nyimbo hizo 53, alisema hakujua zilikuwa nzuri namna ile mpaka alipomsikia Ella akiziimba.

Hapa ndipo wapinzani wangu wana hoja. Baadhi ya vitabu hivi vina adabu kupita kiasi. Vinanda vya nyuzi vinamiminika, kila kitu kimepigwa pasi, na kuna nyakati natamani mtu aangushe kitu. Kwenye Rodgers na Hart huwa nasinzia. Ila hata hapo naona kazi: kwa wimbo wa mtu mwingine alichagua kuwa kioo, sio picha. Billie akiimba wimbo, unamjua Billie. Ella akiimba, unaujua wimbo. Sioni kwa nini la pili liwe dogo kuliko la kwanza.

Na dunia aliyoiimba kwa adabu haikumfanyia adabu. Julai 1954, njiani kwenda Australia, ndege ya Pan American ilitua Honolulu. Ella alikuwa na tiketi ya daraja la kwanza pamoja na mpiga piano wake John Lewis na msaidizi wake. Walipotaka kurudi ndani walizuiwa, hata kuchukua vitu vyao walivyoviacha hawakuruhusiwa. Walikwama siku tatu na maonyesho ya Sydney yakapita bila wao. Aliishtaki kampuni ile, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama.

Oktoba 1955, Houston, Texas. Granz ameng'oa vibao vya kutenganisha weupe na weusi kwenye ukumbi. Kati ya onyesho la kwanza na la pili askari wanavamia chumba cha kubadilishia nguo. Dizzy Gillespie na Illinois Jacquet wanacheza dadu pembeni. Ella anakula pai na kunywa kahawa. Wote wanakamatwa kwa kosa la kamari. Granz, akihofia askari mmoja asije akapandikiza dawa za kulevya chooni, anamfuata kumwangalia, naye anaelekezewa bastola tumboni. Kituoni, Ella alikuja kusimulia, walewale waliowakamata wakawa na uso wa kuomba saini yake. Walilipa dhamana, wakarudi, wakapiga onyesho la pili. Watazamaji hawakujua lolote.

Hilo la mwisho ndilo linalonishika. Onyesho la pili. Sauti ileile, utani uleule.

Kuna pia habari ya Marilyn Monroe, ambayo intaneti inaipenda kuliko muziki wenyewe. Mwaka 1955 Monroe alimpigia mwenye klabu ya Mocambo, Hollywood, akamwambia kwamba akimpa Ella nafasi yeye atakaa meza ya mbele kila usiku. Ella mwenyewe aliisimulia, akasema ana deni kubwa kwa Monroe, kwani baada ya pale hakulazimika tena kuimba kwenye vilabu vidogo. Sawa. Lakini inaposambazwa leo huongezewa kwamba alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuimba pale, na hilo si kweli: mwimbaji mweusi Eartha Kitt, kwa mfano, alikuwa ameshamtangulia. Kikwazo cha Ella, inaelekea, kilikuwa kilekile cha Apollo na cha Webb. Hakufanana na picha waliyokuwa nayo ya mwanamke wa kuwekwa mbele ya wateja.

Je, hakuwa na la kusema kuhusu hayo yote? Alikuwa nalo. Mwaka 1963, New York, alihojiwa na mtangazaji wa redio Fred Robbins, na safari hii haya yake ilimwachia. Alieleza inavyouma kwenda kuimba nje ya nchi kwa heshima zote halafu urudi kwenu ukute kuna mahali huruhusiwi kuimba. Mahojiano hayo hayakurushwa hewani. Yalikaa miongo mingi bila kusikilizwa. Kwa hiyo tunapolalamika kwamba Ella hakusema, tukumbuke kwamba alipothubutu, kanda iliwekwa kabatini.

Miaka ya 1970 Granz alianzisha lebo nyingine, Pablo, na mwaka 1973 akamweka Ella studioni na mpiga gitaa Joe Pass, wawili tu. "Take Love Easy" ni albamu ya mwanamke ambaye macho yanamsumbua kwa kisukari na sauti yake imeanza kupata mchanga. Zile noti za juu hazing'ai tena. Mwisho wa sentensi pumzi inaisha kabla yake. Wale wanaosema hana huzuni ningependa kujua kama wameisikiliza, maana mara nyingi nikiuliza naambiwa bado. Alifanyiwa upasuaji wa moyo mwaka 1986, akarudi jukwaani. Alirekodi mara ya mwisho mwaka 1989 na kuimba Carnegie Hall mara ya mwisho mwaka 1991. Mwaka 1993 kisukari kilimkata miguu yote miwili chini ya magoti. Alifariki nyumbani kwake Beverly Hills tarehe 15 Juni 1996, akiwa na miaka 79, na tuzo 13 za Grammy alizozishinda, ya kwanza kati ya hizo mwaka 1959, zilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa.

Siku nane baada ya kifo chake gazeti la New York Times lilichapisha habari ya lile pengo. Mwandishi Nina Bernstein alikuwa amefuatilia kumbukumbu za serikali. Baada ya kituo cha yatima weusi kule Riverdale, Ella akiwa na umri wa miaka 15 hivi alipelekwa kwenye shule ya kurekebisha wasichana katika mji wa Hudson, jimbo la New York. Wasichana weusi walikuwa wachache, wakabanwa kwenye nyumba mbili zilizojaa, mbali na wenzao weupe. Vipigo vilikuwa vya kawaida. Msimamizi wa mwisho wa shule hiyo aliambiwa na watu wa zamani kwamba Ella aliwekwa kwenye chumba cha chini ya nyumba na kuteswa. Miaka ya 1970 msimamizi huyo alijaribu kumwalika, aje kama mgeni wa heshima, mwanafunzi wa zamani aliyefanikiwa. Hakuja. Shule ilikuwa na kwaya pia, ila wakati wa Ella kwaya ilikuwa ya weupe watupu.

Sasa mweke Billie kando yake. Billie naye, akiwa mtoto wa miaka kumi hivi, alifungiwa katika nyumba ya kurekebisha watoto kule Baltimore. Wasichana wawili weusi, jela mbili za watoto, tofauti ya umri miaka miwili. Mmoja alikua akaimba majeraha yake mbele ya watu, akayaandika kitabuni mwaka 1956, na kufikia Julai 1959 alikuwa amekufa akiwa na miaka 44, askari wakilinda mlango wa chumba chake hospitalini kwa kesi ya dawa za kulevya. Mwingine alilifunga jambo lake, hakumpa mwandishi hata mmoja, akaimba kikapu cha manjano. Simlaumu Billie, na ni nani angeweza? Ila yule wa pili ameulizwa kwa zaidi ya nusu karne mbona halii, na wanaouliza hawakuwahi kujua kama ana sababu.

Kwa anayetaka kuanza kumsikiliza, ushauri wangu ni asianzie kwenye vitabu vya nyimbo. Aanze na Berlin 1960, yote, bila kuruka. Halafu atafute rekodi ndogo ya mwaka 1950 ambapo Ella anaimba nyimbo nane za Gershwin na piano ya Ellis Larkins tu, hakuna bendi, hakuna nyuzi. Baada ya hapo albamu ya kwanza na Louis Armstrong, ya 1956, sauti ya hariri na sauti ya changarawe zikipokezana maneno. Vitabu vije mwisho, na cha Ellington kitangulie vingine vyote, kwa sababu Ellington alikuja studioni na bendi yake mwenyewe na Ella akapata tena watu wa kushindana nao.